Kenchi za kiwandani: mambo ya kuzingatia kabla ya kuagiza

Fundi anayepiga kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, palepale juu ya ukuta ana nafasi ya kujirekebisha. Ukuta ukiwa umepinda kidogo, anakata ubao, anaunga kipande, kazi inaendelea. Kenchi ya kiwandani haina nafasi hiyo. Inafika saiti ikiwa imekamilika: kila ubao umekatwa kwa mashine, na kila kiungo kimebanwa pande zote mbili kwa bamba la chuma lenye meno, aina ya kiungo iliyoenea kutoka Marekani katika miaka ya 1950. Makosa yanayogunduliwa siku ya kupandisha huwa yamechelewa, ndiyo maana kazi kubwa ya mwenye nyumba iko kabla ya oda.

Anza na kuta. Kipimo ambacho kiwanda kinakihitaji ni kutoka ukingo wa nje wa wolpleti moja (ubao unaolazwa juu ya ukuta ili kenchi zikae) hadi ukingo wa nje wa nyingine, wala si upana wa chumba kwa ndani. Pima mwanzo wa nyumba, katikati na mwisho, kwa sababu kuta mbili zinazotazamana zinaweza kuachana kwa sentimita kadhaa bila jicho kuona. Kisha vuta futi kutoka kona hadi kona ya mkabala, halafu kati ya zile kona mbili nyingine. Namba zikitofautiana, jengo halijakaa mraba. Andika namba zote kama zilivyo na uzipeleke hivyohivyo. Usipeleke wastani, na tafadhali usinakili vipimo vya kwenye ramani kisa tu unataka kuokoa siku moja. Nimeona kenchi nzuri kabisa zikilala chini wiki nzima kwa sababu hiyo. Wolpleti nazo zikaguliwe kwa pimamaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikipanda na kushuka, paa litafuata.

La pili ni uzito, na hapa usikubali kuharakishwa. Mabati yana takriban kilo 5 kwa kila mita ya mraba, ilhali vigae vya zege hukaribia kilo 50. Kenchi iliyopigiwa hesabu ya mabati haiwezi kubebeshwa vigae baadaye kwa sababu tu umepata vya bei nzuri. Tangi la maji ndilo husahaulika zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 300 ni kilo 300 kabla hujahesabu tangi lenyewe, na uzito wote huo umekaa sehemu moja. Kiwanda kijue litakaa wapi ili kenchi za hapo ziimarishwe. Taja pia paneli za sola, aina ya dari, tundu la kupandia darini, na bomba la moshi kama lipo.

Uliza kenchi zinaegemea wapi. Nyingi za nyumba za kuishi zimesanifiwa kubebwa na kuta mbili za nje tu. Ubao wa chini unavutwa, zile mbili za juu zinasukumwa, na vijiti vya kati vinagawana kazi hiyo. Ukiukaza ubao wa chini juu ya ukuta wa ndani ambao haukuwa kwenye hesabu, kijiti kilichopangwa kuvutwa kinaweza kuanza kusukumwa. Ndiyo maana kuta za ndani zisizobeba huachiwa mwanya mdogo chini ya kenchi, na mjenzi wako ajue hilo kabla hajamalizia kozi ya mwisho, yaani mstari wa juu kabisa wa matofali.

Kabla ya kulipa, dai michoro iliyopitishwa na mhandisi: mchoro wa kila aina ya kenchi, mpangilio wake, umbali kati ya moja na nyingine (mara nyingi milimita 600, ila fuata mchoro wako), namna ya kuzifunga kwenye ukuta zisinyanyuliwe na upepo, na mahali pa kila ubao wa kukaza, yaani unaoshikanisha kenchi zisilale. Mbao ziwe kavu. Kipimo kinachotumika sana ni unyevu usiozidi asilimia 19. Kama zimetiwa dawa, uliza kama mabamba yanaivumilia, maana baadhi ya dawa zenye shaba hula zinki iliyopakwa juu ya chuma.

Njia ya lori ikaguliwe mapema, hasa kona na nyaya za umeme. Andaa magogo ya kuzilaza au egemeo la kuzisimamisha, zisiguse udongo, na turubai linalopitisha hewa. Zikishushwa, tazama mabamba yote. Lililonyanyuka meno lisipokelewe. Zibebwe zikiwa wima, kwani zikibebwa kifudifudi hupinda na viungo hulegea.

Siku ya kupandisha, mbao za kukazia kwa muda ziwe zimeshakatwa na zipo tayari. Kenchi ya kwanza ikazwe hadi isitikisike, kwa kuwa zote zinazofuata zitaishikilia, na ikianguka zitaanguka pamoja. Upepo ukiwa mkali, ahirisha.

Na zungumza na fundi umeme na fundi bomba. Hakuna kukata wala kutoboa kenchi ili kupitisha bomba. Ikivunjika moja, kazi isimame mpaka kiwanda kilete mchoro wa kuitengeneza. Waambie hayo kabla hawajaegemeza ngazi.