Namna ya kumwandaa mtoto mwenye tetralojia ya Fallot kwa upasuaji wa moyo

Wazazi wengi hutoka kliniki wakisema kwamba mtoto wao "ana tundu kwenye moyo", na majirani nao hulipokea neno hilohilo. Kwa mtoto mwenye tetralojia ya Fallot, tundu ni kasoro moja tu kati ya nne. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo una uwazi, njia ya damu kwenda kwenye mapafu ni nyembamba, mshipa mkuu wa aota umekaa juu ya uwazi huo, na msuli wa chumba cha chini cha upande wa kulia umenenepa kwa kusukuma damu kwa nguvu. Kinachogeuza midomo kuwa ya zambarau ni wembamba wa njia ya mapafu, kwa sababu damu isiyo na oksijeni hukosa pa kupita na kuvuka kuingia kwenye aota. Kwa hiyo mzazi aliyewahi kusikia kwamba tundu la moyo huweza kuziba lenyewe asiutumie ushauri huo hapa. Ugonjwa huu, unaowapata watoto kama 3 hadi 5 kati ya kila 10,000 wanaozaliwa, hutibiwa kwa upasuaji.

Kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani kirahisi usoni. Mfungue mtoto kinywa kwenye mwanga wa mchana, mtazame ulimi na ufizi, kisha kucha. Mtoto aliyekwisha kutembea humkimbiza mwenzake hatua chache, halafu huchuchumaa ghafla, magoti yamegusa kifua, akihema hadi apate nguvu. Wapo wanaomwita mvivu. Mwacheni achuchumae, kwani mkunjo huo hubana mishipa ya miguu, shinikizo hupanda upande wa aota, na damu zaidi hulazimika kupita mapafuni.

Mbinu hiyohiyo ndiyo ya kumsaidia anapopata shambulio la kuwa wa bluu, ambalo mara nyingi huja asubuhi, au akilia, akinyonya au akijisaidia haja kubwa. Mpakate au mlaze chali, yakunje magoti yake hadi kifuani, na umtulize kwa sauti ya chini, pasiwe na watu kumi waliomzunguka wakipiga mayowe. Hata akitulia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akilegea au akizimia, msisubiri atulie, ondokeni mara moja huku magoti yakiwa yamekunjwa.

Kipindi cha kusubiri tarehe ya upasuaji ndicho ninachokiona kuwa kizito kuliko siku yenyewe ya upasuaji, kwa kuwa humkuta mtoto akiwa nyumbani bila daktari. Mwili unaokosa oksijeni hutengeneza chembe nyekundu nyingi, damu ikawa nzito, na mtoto akiharisha au akitapika, damu hiyo nzito huweza kuganda na kusababisha kiharusi. Mpe maji ya ORS mapema na umpeleke kituoni bila kungoja kesho. Vilevile, usiridhike ukiambiwa kwamba "damu ipo ya kutosha", kwani kiwango ambacho kwa mtoto mwingine ni cha kawaida huweza kuwa upungufu kwa huyu. Muulize daktari kama anahitaji madini ya chuma. Homa inayoambatana na maumivu makali ya kichwa, kutapika au degedege isichukuliwe kuwa malaria tu. Mtaje ugonjwa wake wa moyo kwa kila mhudumu, kwa sababu vijidudu ambavyo kwa kawaida huchujwa na mapafu huweza kufika kwenye ubongo na kufanya jipu. Meno mabovu nayo yatibiwe kabla ya tarehe, na daktari wa meno aambiwe mapema, ili mtoto apewe dawa ya kuzuia maambukizi ya moyo.

Nchini Tanzania rufaa huelekezwa kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya kusafiri, pata jibu la maandishi kutoka kwenye bima kuhusu gharama zinazolipwa, na uwaandae ndugu wawili au watatu wa kuchangia damu.

Daktari bingwa atachagua kati ya njia mbili. Mtoto mdogo sana au mwenye mishipa ya mapafu isiyokua vizuri huweza kuwekewa kwanza mrija, mara nyingi wenye upana wa milimita 3.5 au 4, unaopeleka damu ya mshipa wa mkono kwenye mapafu. Njia hii ilianzia Baltimore, Marekani, mwaka 1944, kwa kazi ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig na fundi wa maabara Vivien Thomas. Mrija mwembamba hivyo huziba kwa urahisi, basi dawa ya kuzuia damu kuganda isirukwe hata siku moja. Njia ya pili ni marekebisho kamili, ambapo mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu, uwazi huzibwa kwa kiraka, na msuli unaobana njia ya mapafu hukatwa.

Usiku wa kuamkia upasuaji, uliza saa kamili ya mwisho ya kunyonya na ya kunywa maji. Upasuaji ukisogezwa mbele, mkumbushe muuguzi kuhusu dripu, kwani mtoto huyu hapaswi kukaa na kiu kwa saa nyingi.

Akirudi nyumbani, mnyanyue kwa kutia mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega, kamwe si kwa kumshika kwapani. Mbeleko isubiri, maana mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga.

Omba pia nakala ya ripoti ya upasuaji na uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ripoti hiyo husema kama njia ya mapafu ilipanuliwa kwa kiraka kilichopita kwenye vali ya mapafu, yaani mlango unaozuia damu isirudi moyoni, au vali iliachwa, na daktari atakayemwona miaka 20 baadaye ataitafuta habari hiyo kwanza, kwa kuwa vali inayovuja huenda ikahitaji kubadilishwa.