Somo: Pawaplei imekwama, uanze kuitengenezea wapi?

Swali limenijia mara nyingi tangu msimu uanze: timu ina washambuliaji wa bei mbaya, mpinzani ana mtu kwenye kibanda cha adhabu, dakika mbili nzima ni watano kwa wanne (hiyo ndiyo pawaplei), na goli halipatikani. Tatizo nini? Nawaandikia mnaofuatilia hoki ya barafu ya NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, na wale wachache kati yetu mnaofundisha.

Tuanze na kipimo, maana kuna watu wanaita ugonjwa kitu ambacho ni uchovu wa wiki moja. Timu ya kawaida NHL hufunga karibu mara moja katika kila pawaplei tano. Edmonton Oilers wa 2022-23 walifikia asilimia 32.4, rekodi ya ligi, wakawapita Montreal Canadiens wa 1977-78. Maana yake hata hao walitoka mikono mitupu mara mbili katika kila tatu. Ukikosa nne mfululizo, tulia. Ukikosa wiki tatu, njoo tuzungumze.

Hatua ya 1: Hesabu sekunde

Chukua video ya pawaplei kumi za mwisho. Shika saa. Usihesabu mashuti, hesabu muda ambao watu wako wamejipanga ndani ya eneo la wapinzani na kisahani (kile kidude cha mpira kinachochezwa badala ya mpira wa duara) kiko kwenye magongo yao. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na vijana ninaosaidia kuwafundisha, hotuba yangu ya kulenga goli ilikuwa imeshaandikwa. Nilipojumlisha nikaichana. Katika kila dakika mbili, muda wetu wa kujipanga haukufika hata nusu dakika. Uliobaki wote tulikuwa tunarudi nyuma kuokota kisahani.

Timu iliyopungukiwa mtu inaruhusiwa kukitupa kisahani mpaka mwisho wa uwanja bila mchezo kusimamishwa. Kila kikitupwa, sekunde kama ishirini zimekwenda. Kikitupwa mara tatu, nusu ya adhabu imeisha na kipa wao hajatoa jasho.

Hatua ya 2: Kisahani cha kudondoshwa

Adhabu ikitolewa, mchezo huanza tena upande wa timu iliyofanya kosa: mwamuzi anadondosha kisahani kati ya wachezaji wawili, nao wanakigombea. Ukishinda pale, umeshaingia bila kuhangaika. Mpange mtu wako bora wa kukigombea, na wafundishe mawinga kuingia kwa kasi pale magongo mawili yanapong'ang'aniana. Mara nyingi anayekipata ni winga aliyeamka mapema.

Hatua ya 3: Kuingia

Hapa ndipo pawaplei nyingi zinapofia, kwa hiyo nivumilieni.

Siku hizi karibu kila timu inaingia kwa namna moja. Beki anapanda katikati na kisahani, akikaribia mstari wa kati anakiachia nyuma, na mwenzake anayekuja kwa kasi anakichukua. Walinzi wako kwenye mstari wao wa bluu, ule unaoanzisha eneo lao, miguu imepoa, na mtu anawajia mbio. Ni mbinu nzuri. Ila watazame wale wengine watatu: mara nyingi wamesimama kwenye mstari wa bluu kama abiria wanaosubiri daladala, maana hawaruhusiwi kuvuka kabla ya kisahani. Walinzi wakishaona hivyo wanamsahau kila mtu, wanamkabili mwenye kisahani peke yake.

Dawa ni mwendo na chaguo la pili. Winga mmoja akatize kando ya mstari, gongo chini, ili mlinzi mmoja alazimike kumfuata. Mwenye kisahani asome: walinzi wakirudi nyuma, aingie nacho, wakisimama imara, akisukume pembeni nyuma yao na wawili wakifukuzie. Aibu ya kukisukuma pembeni ndiyo inayowaponza wachezaji wenye vipaji. Wanataka kupita katikati ya watu wanne kila mara.

Hatua ya 4: Umbo na mkono

Umbo la sasa ni 1-3-1: mmoja juu, watatu katikati kwa mstari, mmoja mbele ya kipa. Wanaotoka kwenye kandanda wafikirie winga wa mguu wa kushoto anayecheza kulia. Alex Ovechkin anapiga kwa mkono wa kulia na anasimama duara la kushoto, kwa hiyo pasi inamkuta gongo limeshafunguka, anapiga bila kutuliza. Ndipo alipolipatia goli lake la 895 tarehe 6 Aprili 2025 dhidi ya New York Islanders, lililomvukisha Wayne Gretzky, aliyeshikilia rekodi ya magoli ya NHL. Lilikuwa la pawaplei. Leon Draisaitl wa Edmonton ni kinyume chake: mkono wa kushoto, upande wa kulia, chini kabisa karibu na mstari wa goli.

Kila kipa anajua pasi inakwenda wapi. Mbona basi haizibwi? Kwa sababu ya mtu wa katikati. Akiwa hatari, walinzi hubanana kumchunga na pembeni panafunguka. Akiwa wa kuigiza tu, huna silaha tena pembeni.

Hatua ya 5: Msogeze kipa, kisha mzibe macho

Kipa wa NHL akiliona shuti tangu linatoka, amelidaka. Pasi ivuke kutoka upande mmoja wa goli hadi mwingine, shuti litoke kabla hajasimama sawasawa. Na mbele yake pawe na mwili. Mwangalie Zach Hyman, mshambuliaji wa Edmonton: visigino vinagusa ukingo wa eneo la kipa, gongo liko chini, beki anamsukuma mgongoni, naye haondoki. Kipa akitema, yeye yuko pale pale. Shuti likishatoka, watu watatu wakikimbilie kisahani. Kukirudisha ni kupata pawaplei upya.

Hatua ya 6: Kubadilisha watu, mwisho kabisa

Toronto Maple Leafs walitolewa kwenye mchujo na Boston Bruins mwaka 2024 wakiwa wamefunga pawaplei 1 kati ya 21. Msimu uliofuata, chini ya kocha mpya Craig Berube, walikuja kuondoa beki kwenye kikosi cha kwanza wakapanga washambuliaji watano, Mitch Marner akiwa juu. Majina makubwa yalibaki yale yale. Kilichobadilika ni nani anaanzisha pasi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kwa nini adhabu inakatika goli likiingia?*

Marahaba. Zamani mtu alikaa dakika zake zote mbili. Tarehe 5 Novemba 1955 Jean Béliveau wa Montreal aliifunga Boston mara tatu ndani ya sekunde 44 kwenye pawaplei moja. Msimu wa 1956-57 sheria ikabadilishwa. Adhabu kubwa ya dakika tano bado haikatiki.

*Kaka, washambuliaji watano si tutafungwa sisi?*

Inatokea. Ndiyo maana anayekaa juu awe mtu anayejua kuzuia, kama Marner. Usimweke anayejua kupiga tu.

*Tuko Nairobi, barafu yetu ni ndogo kuliko uwanja kamili. Tufanyeje?*

Hatua ya 4 na ya 5 hazihitaji uwanja mzima, fanyeni wanne kwa watatu. Hatua ya 3 ifanyieni kwenye sakafu ya saruji, kwa viatu vya magurudumu. Macho yanajifunza vilevile.

*Mashabiki wakipiga kelele "piga!", tupige?*

Ukiwa na mtu mbele ya kipa, piga. Kama hayupo, toa pasi nyingine.

*Kikosi cha kwanza kikae sekunde ngapi?*

Kikishajipanga kiache, hata dakika moja na nusu. Kisahani kikitupwa nje na miguu imechoka, watoe hapo hapo, kabla ya kujaribu kuingia tena.