Kuuza kwa kumbukumbu za utotoni: mfano wa ubuyu wa Dodoma

Mwongozo huu ni wa mwenye bidhaa ndogo, Dodoma au Singida, anayetaka mteja aikumbuke kwa kumrudisha utotoni. Tutumie ubuyu, mibuyu tunayo, na karibu kila mtu ameumung'unya.

1. Chagua mwaka wa kuzaliwa, si "zamani"

Wengi hukwama hapa. Aliyezaliwa 1985 alikuwa shule ya msingi 1992 hadi 1998. Wengi wa wanafunzi wa leo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walikuwa hawajazaliwa. Kisha uliza alikulia wapi. Dodoma ya sasa imejaa watumishi waliohamia na serikali kuanzia 2016, na utoto wao uko Tanga, Mbeya au Temeke. Ukiwatangazia Uwanja wa Jamhuri wa miaka ya tisini, watakutazama tu. Geti la shule na kengele ya rimu ya gari vinaeleweka mikoa yote.

2. Kusanya vitu, si hisia

Ongea na watu 12 wa rika hilo. Ukiuliza "unakumbuka nini?" utapewa hotuba. Uliza: ulinunua kwa nani, shilingi ngapi, ulifungwa kwenye nini, ulikulaje darasani mwalimu asikuone? Andika maneno yao yalivyo. Kitu kilichotajwa na sita au zaidi bila kuchokonolewa ndicho cha kufanyia kazi. Tuseme kimetoka kikoni cha karatasi, yaani karatasi iliyoviringwa kama pembe.

Foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziache. Wapo wanaozisimulia kwa kicheko, wengine zinawakumbusha dhiki ya kwao.

3. Rudisha kitu kimoja

Kikoni, kanga, koroboi na redio ya mbao kwenye lebo moja ni makumbusho, si bidhaa. Baki na kikoni. Ila karatasi ya gazeti ina wino, na ubuyu ukiwa na unyevu unaunyonya. Kwa hiyo ubuyu ukae kwenye pakiti safi ya chakula, gramu 50, iliyozibwa kwa moto. Pakiti ndiyo iingie kwenye kikoni cha kaki. Lebo na nembo ya shirika la viwango, TBS, viwe kwenye pakiti, maana kikoni hutupwa kwanza. Na mfuko wa rambo usiurudishe hata kwa utani: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Halafu ladha. Mteja analinganisha na ubuyu aliokaa nao kichwani miaka 30. Ukibania sukari au iliki, kikoni kinakugeuka. Waonjeshe walewale 12 kabla ya kuchapa chochote.

4. Haki

Wimbo kuwa wa zamani hakuufanyi wa bure, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usiandike "tangu 1978" kwa biashara ya juzi.

5. Jaribu

Pakiti 200: nusu zenye kikoni, nusu bila, bei ileile. Gawa sawa kati ya duka moja la Majengo na moja karibu na UDOM. Kwa wiki mbili muuzaji aweke alama kila mteja anaporudi. Kikoni kikiuza mara moja na watu wasirudi, shida ni ubuyu wenyewe.

6. Weka mwisho

Wiki sita za kuuza kwa kikoni zinatosha, zikiishia Nane Nane pale Nzuguni. Usishushe bei ili kuigiza bei ya enzi zile: siku ukirudisha bei halali, mteja atasema umepandisha.