Ada ya awali ya dalali: soma hivi kabla ya kutoa hela

Kumkabidhi dalali nyumba aiuze ni kazi nyepesi: unaonyesha hati, mnakubaliana bei, unasaini. Mtihani uko kwenye ada ya awali, ile hela inayodaiwa kabla mnunuzi wa kwanza hajabisha hodi.

Anza kwa kuuliza ni ya nini, kitu kimoja kimoja: picha, bango, matangazo ya mtandaoni. "Ada ya maandalizi" si jibu. Mimi niliandikiwa hivyo, na maandalizi yenyewe yakawa picha za simu, moja kidole gumba kimeziba nusu ya dirisha la sebule. Uthamini mlipe mthamini mwenyewe, risiti na ripoti vitoke kwa jina lako.

Kisha ulizia jambo linalokula hela za watu: ada hiyo inakatwa kwenye kamisheni, au ni nyongeza? Tuseme kamisheni ni asilimia 4 ya bei, na ada ya awali ni sawa na nusu asilimia. Ikikatwa, siku ya mauzo unamalizia 3.5. Isipokatwa, jumla umelipa 4.5, na hakuna ukurasa wa mkataba utakaokupigia hesabu hiyo. Dalali wangu alisema kwa mdomo, "Usijali, tutaikata." Karatasi ikasema hairudishwi na haihusiani na malipo mengine. Siku ya kulipana, karatasi ndiyo iliyosikilizwa.

Kwa hiyo dai iandikwe kwamba nyumba ikiuzwa, ada ya awali inakatwa kwenye kamisheni. Isipouzwa hadi muda wa mkataba uishe, kiasi ambacho hakikutumika kinarudi, na kilichotumika kina risiti. Utaambiwa fomu ni ya ofisi, haibadilishwi. Mwambie aongeze kwa mkono pembeni, mtie saini wote wawili. Kalamu haikosekani, ni ile ile aliyokunyooshea usaini. California, kule Marekani, sheria huihesabu hela hii kuwa amana ya mteja: inawekwa kwenye akaunti ya amana, mbali na hela za dalali mwenyewe, na dalali anaitolea hesabu. Kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, mkataba wako useme.

Angalia pia upekee, yaani kama umejifunga kwa dalali huyo mmoja tu. Kuna mkataba wa dalali mmoja ambao ukijipatia mnunuzi mwenyewe hudaiwi kamisheni, na kuna ule unaodaiwa hata ukimuuzia shemeji yako. Kulipa ada ya awali kwenye huu wa pili ni kumlipa mtu kabla, kisha kumlipa tena hata kama alikuwa amelala.

Kifungu cha wateja walioletwa na dalali nacho kisikupite: mkataba ukiisha, mmoja wao akanunua baadaye, kamisheni inaweza kudaiwa. Taka orodha ya majina yao siku mkataba unapoisha, si siku unapouza.

Ukilipa, lipa kwenye akaunti ya kampuni. Namba ya simu ya "kijana wetu wa ofisini" haitoi risiti.