Umeumia kazini? Ripoti ya fizio itaje kazi unayofanya

Niliumia bega la kulia kwenye kiwanda cha mbao huku Mafinga, gogo la paini lilipoteleza. Fidia nimelipwa, lakini ilichelewa miezi minne kwa sababu ya karatasi moja tu. Nawaandikia wenzangu wa Mufindi, Njombe na Mbeya yasiwakute hayo.

Mwanzo ni rahisi. Mwambie msimamizi siku hiyohiyo, shahidi akiwepo. Mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kupeleka taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuatilie mpaka akuonyeshe kwamba ameipeleka. Hospitalini sema wazi kwamba umeumia kazini, na uone imeandikwa kwenye faili. Karatasi zote za ED, yaani za daktari kukupumzisha kazi, zitunze, maana malipo ya muda unaokaa nyumbani, asilimia 70 ya mshahara, yanazitegemea.

Sasa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Hapa ndipo nilipokwama.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Anaendelea vizuri, maumivu yamepungua." Ilikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nachana nywele mwenyewe na kula kwa mkono wa kulia. Ila kazi yangu ni kuinua mbao mbichi za mbili kwa sita na kumpandishia mwenzangu aliye juu ya fuso. Mstari ule haukusema lolote kuhusu hilo, na daktari hakuwa na cha kushika. Madai yakarudishwa.

Hospitali ya pili nilimkuta mama mmoja wa fizio. Kabla hajanigusa aliuliza: "Kaka, ukifika kazini saa moja asubuhi unaanza na nini? Halafu?" Nilieleza mpaka saa ya kutoka. Akachukua kipimo cha plastiki kama rula mbili zilizofungwa pamoja kwa msumari, akakiweka begani, akaniambia ninyanyue mkono. Uliishia digrii 95. Bega zima hukaribia 180. Akanipa ndoo ya mchanga niinue mpaka kiunoni, kisha mpaka kifuani, akiongeza mchanga kidogokidogo huku akiniangalia usoni. Mwisho aliandika: anaweza kazi ya mezani, anaweza kuinua kilo 10 mpaka kiunoni, asiinue kitu juu ya bega. Ripoti hiyo haikurudi tena.

Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Omba kazini barua inayoeleza kazi yenyewe: uzito unaobeba, unaupandisha wapi, mara ngapi kwa siku, unasimama saa ngapi. Ofisi ikichelewa, andika mwenyewe na msimamizi asaini. Mchuma chai aeleze mteremko na kikapu cha mgongoni. Dereva aeleze mguu wa klachi. Mtaalamu ambaye hajawahi kuingia shambani wala kiwandani atayajua wapi kama hujamwambia?

Mtajie pia dawa ya maumivu uliyomeza na saa uliyoimeza. Baridi ya Juni hukaza viungo, na mimi asubuhi bega langu linakuwa zito kuliko mchana, nililisema, akaliandika. Usijikaze kiume, na usiigize maumivu. Kipimo kimoja hurudiwa mara kadhaa, na namba zikipishana sana ripoti inakosa nguvu.

Kabla hujaondoka, isome. Ukiona imeandikwa maumivu tu bila kutaja unachoweza na usichoweza kazini, omba kwa heshima iongezwe palepale. Kurudi baadaye ni nauli nyingine na siku nyingine ya foleni.

Elewa kwamba fizio hapangi asilimia ya ulemavu. Hiyo ni kazi ya daktari, jeraha likishatulia, lakini vipimo vya fizio vinamsaidia kupima. Na asilimia hiyo ina uzito: ukipata 30 au chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi 30 unapata pensheni ya kila mwezi.

Toa nakala mbili kabla ya kukabidhi. Moja niliipeleka kwa msimamizi, naye akanihamishia kwenye meza ya kupanga madaraja ya mbao. Narudi fizio kila mwezi. Mara ya mwisho mkono ulifika digrii 120.