Jinsi ya Kulisaidia Gegedu la Goti Lipate Lishe Yake

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti la mtu mzima halina mshipa wa damu hata mmoja, kwa hiyo glukosi na oksijeni zinazozifikia seli zake hulazimika kupenya taratibu katika tishu ngumu ambayo mara nyingi huwa na unene wa milimita 2 hadi 4. Kabla ya kuanza mazoezi, ifahamu kwanza njia hiyo, maana asiyeifahamu hujikuta akilitesa goti kwa nia njema.

Njia kuu huanzia kwenye utando unaozunguka kiungo. Utando huo una mishipa midogo mingi ya damu, na humo majimaji ya damu huchujwa yakawa sehemu ya ute unaolainisha kiungo. Ute hulowanisha uso wa gegedu, kisha virutubisho vidogo huingia ndani vikitoka vilipo vingi kwenda vilipo vichache, huku taka za seli zikitoka kwa mkondo wa kinyume. Njia ya pili ni mfupa wenyewe. Chini ya gegedu laini kuna tabaka la gegedu lililoshiba madini ya kalsiamu, na chini yake bamba la mfupa lenye vijitundu vinavyopitisha mishipa ya damu. Kwa mtoto anayekua, upande huo wa mfupa una mchango mkubwa. Kwa mtu mzima tabaka la madini huibana njia, ingawa majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba molekuli ndogo bado hupita, na kwamba mfupa na gegedu huendelea kupelekeana ishara za kikemikali.

Wengi hulifananisha gegedu na sifongo linalokamuliwa na kujaa tena. Mfano huo ni sahihi kwa nusu tu. Kubanwa na kuachiliwa husaidia zaidi kusukuma molekuli kubwa, lakini glukosi na oksijeni huingia hasa kwa kupenya zenyewe, na kazi kubwa ya mwendo kwa virutubisho hivyo ni kuuchanganya ute ili ule uliokwisha kunyonywa usibaki umetuama juu ya gegedu. Kwa hiyo kinachohitajika ni mwendo mwepesi unaorudiwa mara nyingi, wala si nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja.

Keti juu ya kiti kirefu au ukingo wa meza imara, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Weka kiganja juu ya kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, kisha nyoosha goti polepole hadi mwisho usioleta maumivu, na ulikunje tena kwa mwendo uleule. Chini ya kiganja utahisi mfupa huo ukipanda na kushuka katika mfereji wake, na kila unapohama, sehemu nyingine ya gegedu hupata zamu ya kukutana na ute. Endelea kwa dakika chache, halafu badilisha mguu. Kama kazi yako ni ya kukaa au kusimama mahali pamoja, rudia zoezi hili mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa uzito unaokandamiza sehemu moja kwa muda mrefu hulikamua gegedu maji bila kulipa nafasi ya kuyarejesha. Kutembea na kuendesha baiskeli yenye mzigo mwepesi hufanya kazi hiyohiyo.

Daktari Robert Salter wa Kanada, katika majaribio kwa sungura yaliyochapishwa mwaka 1980, alionyesha kwamba majeraha ya gegedu hupona vizuri zaidi kiungo kinaposogezwa polepole mfululizo kuliko kinapofungwa kisitikisike. Hata hivyo, aliyetoka kufunguliwa plasta asikimbilie kukimbia wala kuruka, kwa sababu gegedu lililokaa bila mwendo huwa limelainika. Aanze na mikunjo isiyobeba uzito, na aongeze mzigo kwa maelekezo ya mtaalamu wa tibamaungo. Goti likivimba, likiwa la moto au likikwama, acha zoezi na umwone daktari.