Kivinjari Kipya Kinasubiriwa: Namna ya Kukipima Kabla Hujahama

Kuna kijana wa bajaji hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambaye kwa wiki ya tatu sasa hapiti mbele ya steshenari yangu bila kupunguza mwendo na kuuliza, "Bosi, kimetoka?" Anauliza kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. Aliona tangazo la kivinjari kipya cha simu, chepesi, cha kasi ya ajabu, kinachokuja hivi karibuni, na tangu siku hiyo Chrome yake anaiona mkokoteni. Mimi nachapa, natoa kopi, najazia vijana fomu za mkopo wa chuo. Kutwa nzima niko ndani ya kivinjari, kwa hiyo simcheki. Nilimwambia tu ajue mapema atakipimaje, maana kikishafika atakuwa ameshakipenda, na mtu aliyependa hapimi.

Niliyomweleza ndiyo haya, pamoja na mengine ambayo abiria wake hakumpa muda wa kuyasikia.

Anza kwa kujiuliza kasi hiyo inatoka wapi. Kivinjari hakiongezi nguvu ya mnara. Mtandao ni uleule, simu ni ileile. Kinachoweza kufanya ni kukataa kubeba baadhi ya mizigo, au kuipeleka mizigo ikapunguzwe kwingine kabla haijafika kwako, au kuipanga upesi ikishafika. Ukisoma tangazo la kivinjari chochote, tafuta ni lipi kati ya hayo linalofanyika. Usipoliona, hilo ni tangazo la rangi ya nembo.

Brave, kwa mfano, inakataa kubeba: inazuia matangazo na vifuatiliaji (vijiprogramu vinavyopeleleza unachotembelea) tangu unapoifungua mara ya kwanza. Kwenye tovuti za habari zilizojaa mabango, tofauti utaiona bila saa. Kwenye ukurasa mtupu wa Wikipedia hutaona kitu, kwa sababu hapakuwa na mzigo wa kukataa.

Opera Mini ndiyo bingwa wa kupunguziwa mzigo njiani. Hiyo naijua tangu enzi za Nokia ya vitufe, bando likihesabiwa kwa kilobaiti. Ilianza kujaribiwa Norway mwaka 2005, ikatolewa kwa dunia nzima mwaka uliofuata. Ukiomba ukurasa, seva za Opera, yaani kompyuta zao kubwa za mbali, ndizo zinazouchukua, zinaukamua, kisha zinakutumia uliobanwa. Kampuni yenyewe ilisema data inaweza kupungua hadi asilimia 90. Picha zilikuja na ukungu kama Uyole ya Julai, lakini gazeti lilifunguka, na kwenye simu ile hapakuwa na kingine kilicholifungua.

Hamu kama ya kijana wangu iliwahi kuwashika wenye iPhone pia. Tarehe 23 Machi 2010 Opera walipeleka Opera Mini kwa Apple iidhinishwe kuingia App Store, wakatundika saa kwenye tovuti yao inayohesabu muda tangu walipoiwasilisha. Watu wengi waliamini itakataliwa, kwa sababu Apple haikuruhusu injini nyingine ya kuchora kurasa zaidi ya ile ya Safari. Opera Mini ilipita kwenye tundu la sindano: kurasa zilikuwa zimeshapangwa kwenye seva, simu ikawa inaonyesha tu. Ikaidhinishwa Aprili 12, na siku ya kwanza ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 1.

Halafu watu wakaanza kuitumia. Kukuza maandishi kulikuwa na hatua mbili tu, mbali au karibu, hakuna katikati. Na ukibonyeza kiungo ndani ya barua pepe, kilifungukia Safari, kwa sababu iPhone haikuruhusu kubadilisha kivinjari chaguomsingi hadi toleo la mfumo wake liitwalo iOS 14, mwaka 2020. Miaka kumi! Nimeileta habari hii kwa sababu kasi walioisubiri waliipata kweli; kilichowasumbua kilikuwa kando ya kasi. Ukipima, pima na vya kando.

Hapohapo, neno kwa wenye iPhone: huku kwetu Chrome, Firefox na Safari kwenye simu hiyo ni watu watatu waliovaa kanzu tofauti juu ya mwili mmoja. Injini ni moja, WebKit. Umoja wa Ulaya ndio uliowalazimisha Apple kufungua mlango kwa injini nyingine, Machi 2024, na ilikuwa kwa Ulaya, si kwetu. Kwa hiyo akija mtu na kivinjari kipya cha iPhone chenye "injini mpya kabisa," muulize kama wewe unaishi Berlin. Kwa Android mambo ni huru zaidi: Chrome, Brave, Opera ya kawaida na Edge zote zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, Firefox ina injini yake iitwayo Gecko. Ndiyo maana kutoka Chrome kwenda Edge kutafuta kasi ni kama kuhama daladala na kupanda nyingine iliyoko kwenye foleni ileile.

Sasa, wakati unasubiri. Kama kivinjari kimeshawekwa Play Store bila kutolewa, utaona kitufe cha "Jisajili mapema." Bonyeza hicho, uendelee na maisha yako. Usichukue faili la APK (faili la kusakinishia programu bila Play Store) kwenye kundi la WhatsApp eti limevuja. Kivinjari ndicho kinachoona nywila zako, akaunti zako, kila unachoandika. Huwezi kukichukua kutoka kwa mtu usiyemjua kama unavyochukua wimbo. Simu ikikuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu zisizojulikana, jibu ni hapana.

Na kipe nafasi hicho ulichonacho. Nilipoishika simu ya kijana, mahali pa idadi ya vichupo, yaani kurasa zilizoachwa wazi, palikuwa na alama ya :D. Alidhani ni tabasamu la simu. Ni Chrome inavyofanya vichupo vikivuka 99. Tulivifunga, tukafuta akiba (nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea), tukaondoa video za WhatsApp zilizokuwa zimeijaza simu hadi shingoni, tukasasisha Chrome na ile programu ya mfumo iitwayo Android System WebView, inayozisaidia programu nyingine kuonyesha kurasa za mtandao. Vichupo vilisaidia kidogo tu. Kilichosaidia zaidi ni nafasi ya kuhifadhia. Simu iliyojaa huchelewa kwa kila kitu, na lawama inabebwa na kivinjari.

Siku kipya kikitoka, pima vyote mahali pamoja, wakati mmoja, kwa laini moja. Usipime cha zamani saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni na kipya alfajiri. Azima simu ya pili yenye saa ya kupimia. Chagua kurasa tatu: moja ya habari iliyojaa picha na matangazo, moja nyepesi yenye maandishi, na moja unayoitumia kwa kazi, kama fomu au tovuti ya benki. Fungua kwa hali fiche (incognito) ili akiba ya zamani isikupendelee. Zima na washa data kati ya majaribio. Anza kuhesabu unapobonyeza, simamisha pale unapoweza kusoma na kusogeza ukurasa bila kukwama, sio pale mstari wa juu unapoisha, maana huo mstari ni mwongo. Rudia mara tatu kwa kila kivinjari na uchukue matokeo ya katikati. Andika kwenye karatasi. Mimi nina daftari la kaunta.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Fungua ukurasa, nenda WhatsApp, jibu ujumbe mbili, piga picha moja, halafu rudi. Je, ukurasa upo ulipouacha, au unaanza kupakia upya? Kwa simu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, kama za wateja wangu wengi, hapa ndipo muda na bando vinakoishia. Kivinjari kinachofungua ukurasa kwa sekunde mbili lakini kinausahau kila ukigeuka ni kizito kuliko kile cha sekunde nne kinachokumbuka. Mimi nikipewa nafasi ya kufanya jaribio moja tu, nitafanya hili.

Bando usilikadirie kwa macho. Ingia Mipangilio, Programu, chagua kivinjari, tazama matumizi ya data kabla na baada ya kufungua kurasa zilezile.

Kisha fomu. Mwaka fulani nilimjazia binti ombi refu kwa kivinjari cha kubana data, kwa sababu mtandao ulikuwa unakokota. Kurasa saba. Nilipofika kwenye kupandisha cheti, kitufe kikakataa, nikarudi nyuma, kila kitu kimefutika. Kosa langu: nilichagua kifaa cha kusomea nikakifanyia kazi ya kuandikia. Ukurasa unaopangwa kwenye seva ya mbali hauna uhai wote wa ukurasa wa kawaida. Pia, ukiwa kwenye hali ya kubana kupita kiasi, seva ya katikati ndiyo inayoufungua ukurasa, kwa hiyo ulinzi hauendi mfululizo toka simu yako hadi benki. Magazeti na ligi soma huko. Pesa na fomu peleka kwenye kivinjari kamili. Kuwa na viwili hakuna faini.

Na kama ni mtu wa kuja kuchapisha, jaribu kuhifadhi ukurasa kama PDF kabla hujakiamini. Naletewa mafaili yaliyohifadhiwa na vivinjari ambayo kompyuta yangu haijui ni samaki au nyama.

Ukiridhika, hama polepole. Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, Kivinjari, chagua kipya. Hakikisha nywila zako unazijua au umezihamisha, kwa sababu wengi hugundua hawaijui nywila yao siku kivinjari kilichokuwa kinaikumbuka kimefutwa. Cha zamani kiache wiki mbili. Kama hujakigusa, ondoa.

Kijana ameshajisajili mapema. Jana alisimama na abiria wawili ndani, mama mmoja na kuku wake, akanionyesha skrini kwa mbali: bado. Nikamwonyesha daftari, ukurasa wenye jina lake, safu ya Chrome imeshajazwa, ya pili nyeupe.